Umeiona nyumba kwenye simu na waitaka Mombasa? Fanya hivi kwanza

Mama yule alipanda ngazi zangu za Kibokoni polepole, akakaa, akajipepea na ncha ya buibui, kisha akatoa simu kwenye mkoba. "Injinia, mwanangu, nataka kama hini."

Kwenye simu palikuwa na nyumba nyeupe pee, paa bapa, ukuta wa mbele wote kioo kutoka sakafuni hadi darini, na bwawa la kuogelea la buluu mbele yake. Hakuna mti hata mmoja. Nikaivuta picha kwa vidole viwili mpaka nikafika kwenye namba ya gari lililoegeshwa kando. Dubai. Mwanawe anafanya kazi huko, ndiye aliyempelekea.

Mimi si injinia. Ni mchora ramani, mwaka wa 19 huu, na ramani zangu hutiwa sahihi na msanifu aliyesajiliwa kabla hazijapelekwa kaunti. Lakini Mombasa ukionekana na rula ndefu ushakuwa injinia, na ubishi huo niliuacha zamani. Wala siwacheki wanaokuja na picha. Zamani mteja alikuja akipunga mikono hewani, "vyumba vitatu na baraza, injinia, wewe wajua." Picha ni afadhali mara mia. Ila picha haina joto wala chumvi, na haikwambii saa kumi za alasiri mle ndani mtu anakaaje. Kwa hiyo kabla hujampelekea mchoraji wako, ifanyie kazi mwenyewe. Ni kazi ya siku mbili tatu na haina gharama, labda bando la intaneti na kipande cha udi.

Itafute ilipozaliwa

Picha nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hazina jina la jengo, la mji wala la msanifu. Ipitishe kwenye Google Lens, inayotafuta kwa picha. Mara nyingi itakutoa kwenye ArchDaily, tovuti inayoweka majengo mapya ya dunia nzima pamoja na mji, mwaka, ukubwa na, jambo la maana zaidi, michoro. Ya pili ni Archnet, maktaba ya bure ya majengo ya nchi za Kiislamu na jirani zao. Humo utakuta majengo yaliyopata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu, na mengi yamesimama kwenye jua kama letu. Maandishi ni ya Kiingereza, lakini mchoro hauna lugha.

Ukifika hapo, ziache picha nzuri. Tafuta mchoro wa mkato, ule unaoonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa kwa kisu kutoka paani hadi msingini. Picha ya mbele ni uso tu. Mkato ndio unaokuonyesha dari iko juu kiasi gani, hewa inaingilia wapi, inatokea wapi, na paa limechomoza vipi. Nyumba ambayo mkato wake ni sanduku lililofungwa pande zote inaishi kwa kiyoyozi. Umeme ukipotea Changamwe na Mikindani zikawa giza, mwenye nyumba hiyo atalala nje.

Kisha uliza: mji ule una undugu na Mombasa?

Hapa ndipo watu wanapopotea, na nitakaa kidogo.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kando ya bahari, na hewa yake ina maji mwaka mzima. Dubai iko nyuzi 25 kaskazini, kwenye jangwa. Kule nyumba hufungwa kabisa wakati wa kiangazi na mashine hufanya kazi ya upepo. Undugu wetu hauko Dubai, ingawa ndugu zetu wako huko. Tafuta miji iliyo karibu na ikweta na iliyo pwani. Colombo iko nyuzi 7 kaskazini. Recife, Brazil, iko nyuzi 8 kusini, nayo inatazama bahari upande wa mashariki kama sisi.

Colombo ndiko alikofanya kazi msanifu Geoffrey Bawa, aliyefariki 2003. Nyumba yake mwenyewe mjini humo ilianza kama nyumba nne ndogo zilizopangana. Alizinunua moja baada ya nyingine, akaziunganisha, akafungua viua vya kupitisha mwanga na hewa katikati. Mtu wa Mji wa Kale akiitazama ramani yake hatashangaa. Ni kiwanda cha nyumba ya Waswahili, yaani ule ua wa katikati usio na paa, ila yeye amevifanya vingi na vidogo. Mwenye kiwanja chembamba cha futi 25 kwa 60, kimebanwa na majirani pande mbili, huyu ndiye mwalimu wake. Siku hizi kabla ya kuchora nyumba ya kiwanja kama hicho huwa naichungulia ramani ile tena.

Recife nako ndiko zilikozuliwa zile bloku za matundu, mwishoni mwa miaka ya 1920. Wabrazil huziita cobogó, jina lililofinyangwa kutoka majina ya wenyewe watatu waliozibuni: Coimbra, Boeckmann na Góis. Sisi tunaziweka kwenye ngazi za fleti na ukuta wa choo basi, kama kitu cha umaskini. Wao wanajenga ukuta mzima wa sebule kwa hizo, jua linavunjika vipande vipande, upepo unapita, na jirani haoni ndani. Kwa mji unaopenda stara kama huu, sijui twangoja nini.

Na ukitaka kuona ujasiri, mtafute Glenn Murcutt, msanifu wa Australia. Mwaka 1994 alimalizia nyumba ya familia moja ya wenyeji wa Yirrkala, kaskazini kabisa mwa nchi ile, kwenye joto la unyevunyevu. Haina kioo hata kimoja kwenye madirisha. Kuta zake ni mbao zinazofunguka kama milango ya duka, na nyumba nzima imeinuliwa juu ya miguu. Nilimwonyesha mteja mmoja wa Nyali. Akasema, "Hii ni banda." Sawa. Lakini nilimwona akiitazama tena nilipokwenda kuchukua chai.

Sasa majengo mazuri yasiyo ndugu zetu. Francis Kéré wa Burkina Faso alipata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani, mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata, na tangu hapo wateja wananiletea shule yake ya Gando. Ni shule aliyoijengea kijiji alichozaliwa, ilimalizika 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Ina vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni kuta nene za matofali ya udongo. Cha pili ni paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ya matofali, likaacha mwanya mkubwa ambamo upepo unapita na kuondoa joto kabla halijashuka.

Chukua paa, kuta ziache. Kuta nene ni dawa ya mahali ambapo mchana ni moto na usiku ni baridi: ukuta unameza joto mchana, unalitema usiku wenyewe wakijifunika blanketi. Mombasa usiku wa Machi nani anajifunika? Tofauti ya mchana na usiku hapa ni ndogo, kwa hiyo ukuta mnene uliopigwa na jua la magharibi utakutemea joto saa nne za usiku, kitandani. Lakini paa la tabaka mbili lafaa hapa kabisa. Ukijenga, acha mwanya kati ya bati na dari, ufungue pande zote mbili, uweke wavu wa kuzuia popo. Na vile vyuma vyembamba alivyotumia kuinulia bati, huku viwe vimepigwa zinki vizuri, la sivyo chumvi itavila.

Jambo lilo hilo kwa Cairo. Mashrabiya, zile roshani za mbao zilizotobolewa, kule ziliwekewa mtungi wa maji ndani. Upepo mkavu unapita kwenye mtungi, maji yanageuka mvuke, hewa inapoa. Ni fizikia safi, na Hassan Fathy, msanifu wa Misri, aliieleza vizuri kuliko wengi. Lakini hewa ya Mombasa imeshashiba maji. Anika taulo ndani usiku wa Aprili, asubuhi utalikuta bichi vilevile. Hewa isiyoweza kukausha taulo haitapozwa na mtungi. Mteja mmoja alitaka chemchemi uani "ya kupunguza joto". Nilimwambia aiweke kwa ajili ya kuitazama, na anunue neti za mbu siku hiyohiyo. Mbao zilizotobolewa zenyewe, bila mtungi, zachukue. Zilishafika hapa zamani, tembea Ndia Kuu utaziona.

Jua: fimbo na ratiba ya swala

Kosa langu kubwa nililifanya Kisauni, mwaka wangu wa nne kazini. Kiwanja kilitazama mkono wa bahari upande wa magharibi, na mwenyewe alitaka aone machweo akiwa kwenye kochi. Nikamchorea kioo cha mita tatu. Siku ya kuhamia sote tulipiga picha. Miezi sita baadaye nilipita pale saa kumi na nusu za alasiri nikakuta kioo chote kimefunikwa kwa leso, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Moja nilisoma jina lake kutoka barabarani: *Majuto ni mjukuu*. Makochi yalikuwa yamepauka upande mmoja, na familia ilikuwa imehamia jikoni.

Kwa hiyo, kabla ya mchoro, nenda kiwanjani na fimbo iliyonyooka, ichimbie wima. Ili kupata kaskazini ya kweli hutahitaji dira. Tazama ratiba ya swala ya msikiti wako: adhuhuri huingia jua likishapinduka, na hapa Mombasa jua hufika kati saa sita na dakika kama 20, si saa sita kamili. Kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote, mstari wake ndio kaskazini na kusini. Uchore chini kwa chokaa. (Kuna siku karibu na tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hukaa utosini hasa na fimbo haina kivuli. Siku hizo usije.)

Kuanzia hapo hesabu ni rahisi. Juni jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, lakini siku zote liko juu sana. Dirisha la kimo cha sentimita 120 linalotazama kaskazini linakingwa na upenu wa sentimita 60 na kidogo. La kusini linatosheka na 45. Mimi huchora 90 pande zote mbili, kwa sababu ya asubuhi na alasiri, na kwa sababu mvua ya masika hainyeshi wima.

Upande wa mashariki na magharibi upenu hausaidii. Jua linaingia chini kwa chini kama mgeni asiyebisha hodi. Huko ni kuziba tu: bloku za matundu, roshani, luva za mbao za kusimama (vibao vilivyopangwa kwa kuachiana mianya), au mwarobaini. Na madirisha yawe madogo. Mashariki unaweza kusamehe kiasi, asubuhi hewa bado ina ubaridi. Magharibi usisamehe.

Upepo: washa chetezo

Kusi hutuvumia kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Wavuvi wa Mji wa Kale wanajua haya kuliko programu yoyote, ila kama huna mvuvi wa kumuuliza, Windy itakuonyesha kwa mishale. Tazama basi: pepo zote mbili zinatoka mashariki, moja juu moja chini. Na jua baya linatoka magharibi. Maswali mawili, jibu moja. Vyumba vya kulala na sebule viwe mashariki. Jiko, choo, stoo na ngazi viwe magharibi: vitapokea jua badala yako, na harufu ya papa wa kukaanga itatoka nje badala ya kupita sebuleni. Nusu ya nyumba ninazoitwa kuzirekebisha zina jiko upande unaotoka upepo, kwa sababu barabara iko upande huo na fundi alitaka bomba fupi.

Kiwanja chako lakini kina majirani, na ghorofa la jirani huupinda upepo. Kwa hiyo pima. Washa udi kwenye chetezo, simama katikati ya kila mahali patakapokuwa chumba, tazama moshi unakwenda wapi. Fanya asubuhi, alasiri na baada ya isha. Andika. Ukishajengewa, fanya tena ndani: moshi ukizunguka bila kutoka, chumba chako kina mlango wa upepo lakini hakina njia ya kutokea. Tundu la kutokea liwe kubwa sawa na la kuingilia, au kushinda. Weka matundu juu ya milango ya ndani kama walivyofanya wazee, ili ufunge mlango kwa stara na hewa ipite.

Halafu hili dogo linaloniudhi: dirisha la alumini la kuteleza. Linauzwa kila mahali na watu huliona la kisasa. Kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo umelipia dirisha zima na unapata upepo wa nusu. Luva zile za majengo ya kabla ya uhuru zinafunguka karibu zote, na mvua ikija unaziinamisha. Kama mwenye duka anakucheka, nenda duka jingine.

Kama nyumba tayari ipo

Picha nyingine huletwa na wajukuu waliorithi. Wanataka wabomoe ya babu waweke ghorofa ya picha. Hawa huwaonyesha Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, Wafaransa waliopata Pritzker mwaka 2021. Msimamo wao ni kutobomoa kabisa: unaongeza, unageuza, unatumia tena. Huko Bordeaux walichukua majumba ya fleti 530 ya miaka ya 1960, wakayavika tabaka jipya la roshani pana, na wapangaji hawakuhama. Tabaka lao ni la kioo kwa sababu wanatafuta joto. Ligeuze: hapa liwe la kivuli. Roshani ya mita mbili upande wa magharibi wa nyumba ya Tudor au Majengo inafanya kazi ambayo viyoyozi vitatu havifanyi.

Nyumba ikiwa Mji wa Kale, anza kwenye ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa, kabla ya kugusa hata mlango. Na usiikandike saruji. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, chumvi hutafuta njia, na baada ya misimu miwili mitatu plasta yako inadondoka kama maganda ya muhogo. Chokaa iliyolowekwa vizuri, tabaka nyembamba, subira. Fundi wa chokaa wamebaki wachache, wanapanga foleni ya kazi. Subiri foleni.

Rangi ni nyeupe. Mwaka 2018 kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu watu walinung'unika, nami nilinung'unika nao kwa sababu ya gharama. Kwa hesabu ya joto sikuwa na la kusema.

Na ukitaka mtu wa nyumbani wa kumfuatilia badala ya wa mbali kila siku, kuna Cave_bureau, ofisi ya usanifu ya Nairobi, ya Kabage Karanja na Stella Mutegi. Wanasoma mapango kama majengo, pamoja na yale ya Shimoni walikofungiwa watumwa. Mwaka 2025 walikuwa miongoni mwa walioandaa banda la Uingereza kwenye maonyesho ya usanifu ya Venice. Hutapata kwao picha ya kumpelekea fundi. Utapata swali la nani aliwahi kukaa humo ndani.

Sasa yule mama. Nilimuuliza swali ambalo ningetamani kila mtu ajiulize kabla ya kupanda ngazi zangu: katika picha hii, mama, kitu gani kimoja hasa umekipenda? Kioo? Akatikisa kichwa. Bwawa? "Nani ataogelea, mimi?" Akanyamaza, akaitazama tena. Akasema alipenda kwamba mtu akiwa jikoni anaona kila mtu aliye ndani ya nyumba. Ana wajukuu saba. Basi. Dubai nzima ilikuwa hapo, na ile haihitaji kioo, inahitaji kiwanda katikati na jiko linalokitazama.

Jumamosi tukaenda kiwanjani kwake Shanzu na fimbo, chokaa na chetezo. Kusi ilikuwa imeshaanza. Yeye mwenyewe alishika chetezo, akatembea pole kutoka sebule isiyokuwapo hadi chumba kisichokuwapo, mimi nyuma nikichora mishale kwenye daftari. Moshi ulikwenda kaskazini-magharibi, moja kwa moja, ukapinda ulipofika kwenye ukuta wa jirani. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akatutazama kwa muda.

"Kwani hapo pana mashetani?"

"Hapana," mama akamjibu, "hapo pana jiko." Nikalisogeza mita moja na nusu, nikaandika.